Kima cha chini cha mshahara vijijini: kiwango kimoja, kanda, sekta au ngazi? Ulinganisho wa gharama kwa hazina ya umma

Kwenye mjadala wa kima cha chini vijijini, pande mbili husikika haraka. Mwenye shamba anasema hawezi kulipa kama kiwanda cha mjini. Mfanyakazi anajibu kwamba karo na nauli hazimpungukii kwa sababu tu anaishi kijijini. Mlipaji wa tatu, yaani hazina ya umma, hukumbukwa baadaye: bodi mpya zikidai fedha za vikao, maofisa wa kazi wakidai magari, na mfuko wa hifadhi ya jamii ukionyesha upungufu wa michango.

Ulinganisho huu ni kwa wajumbe wa bodi za mishahara, maofisa wa bajeti, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na waajiri wanaotakiwa kupendekeza mfumo na wamekwama kati ya njia nne: kiwango kimoja nchi nzima, viwango kwa kanda, viwango kwa sekta, au kiwango kimoja kinachofikiwa kwa ngazi. Hatulinganishi ipi ni ya haki zaidi. Tunaangalia bili ya umma, na bili hiyo haiko kwenye kasma moja, yaani fungu moja la bajeti.

Vipimo

Kila njia tutaipitisha kwenye vipimo vitano:

- Kuweka kiwango: takwimu, vikao, kutangaza na kuhuisha.
- Ukaguzi: muda ambao ofisa wa kazi anahitaji kujua kama sheria imevunjwa, na kesi zinazofuata.
- Serikali kama mwajiri na mnunuzi: vibarua wa halmashauri, walinzi, wafagizi, wapishi wa shule, makandarasi.
- Mafao, michango na kodi.
- Mpaka: watu na biashara zinazohama ili kukimbilia au kukwepa kiwango.

Kipimo cha nne ndicho kinachopotosha wengi, kwa hiyo tukifanyie hesabu kabla ya kuingia kwenye njia zenyewe.

Hesabu ya pengo

Tuseme kima cha chini mjini ni 100 na kijijini ni 80. Mwajiri anachangia asilimia 10 ya mshahara kwenye hifadhi ya jamii, na mfanyakazi vilevile asilimia 10. Serikali inalipa fidia ya kipato: asiye na mshahara hupata 60, na fidia hupungua kwa nusu ya kila anachoongeza kwenye mshahara ghafi. Kwa mshahara wa 100 fidia ni 10. Kwa 80 ni 20.

Kwa kulipa 80 badala ya 100, mwajiri anaokoa 22: ishirini za mshahara na mbili za mchango wake. Mfanyakazi anapoteza 18 mkononi, fidia inamrudishia 10, amepungukiwa 8. Zilizobaki 14 zimelipwa na umma: kumi za fidia iliyoongezeka na nne za michango ambayo haikuingia. Karibu theluthi mbili ya unafuu wa mwajiri imetoka hazina na kwenye mfuko.

Sasa upande wa pili, maana hesabu hii hutumiwa vibaya ikiishia hapo. Huenda kwa 100 baadhi ya kazi zisingekuwepo. Chukua nafasi 100 za kazi. Kwa kiwango cha 80, kila mfanyakazi anagharimu umma 4 (fidia 20, kasoro michango 16), jumla 400. Kwa kiwango cha 100, kila aliyebaki kazini anauingizia umma 10, na kila aliyepoteza kazi anaugharimu 60. Zikipotea nafasi 20, jumla ni 400 ileile. Chini ya hapo, kiwango cha juu ni nafuu kwa umma. Juu ya hapo, kiwango cha 80 ndicho nafuu.

Kizingiti hicho ni sawa na pengo lenyewe: pengo la asilimia 20 linahitaji tishio la kupoteza asilimia 20 ya kazi ili lijilipe. Si bahati. Hutokea popote ambapo fidia na michango vinapanda na kushuka sambamba na mshahara. Mahali ambapo asiye na kazi kabisa hulipwa nyongeza maalumu, kizingiti hushuka: ukimwekea 30 zaidi, kinakuwa nafasi 14. Na pasipo na fidia yoyote, kizingiti cha michango hubaki 20, ila aliyepungukiwa anabebwa na ndugu zake badala ya serikali. Gharama hiyo ipo, haionekani tu kwenye vitabu.

Angalizo kuhusu michango: inayopungua leo hupunguza pia pensheni ya kesho, kwa hiyo si yote ni hasara ya mfuko. Inakuwa hasara kamili pale sheria inapohakikisha pensheni ya chini, kwa kuwa hapo serikali itajazia.

Njia ya kwanza: kiwango kimoja nchi nzima

Uingereza ina utaratibu huu tangu Aprili 1999, na Ujerumani ilianza 1 Januari 2015 kwa euro 8.50 kwa saa.

Kuweka kiwango ni rahisi kuliko njia nyingine zote. Tume moja, utafiti mmoja, tangazo moja. Kasoro ya kawaida iko kwenye sampuli: kaya za vijijini zikiwa chache kwenye utafiti, wastani unakuwa wa mjini na bodi inaamua bila kujua shamba litaathirikaje. Kuongeza sampuli ya vijijini ni gharama ndogo ukilinganisha na kuendesha bodi ya pili.

Kwenye ukaguzi, namba moja ni silaha. Mfanyakazi anaijua kwa redio, na ofisa wa kazi anauliza mambo mawili tu: saa ngapi, na umelipwa kiasi gani. Ila kiwango kikiwa juu sana ukilinganisha na mishahara iliyopo kijijini, ukiukaji unaongezeka na unabadili sura. Haufanywi waziwazi, unaingia kupitia malipo ya kipande, makato ya nyumba na chakula, na saa zisizoandikwa. Karatasi ya shamba inaonyesha jina, kilo 46, na jumla ya malipo. Safu ya saa haipo. Bila saa ya kuingia na kutoka, ofisa hawezi kusema kama kilo 46 zimelipwa juu au chini ya kima cha chini, na kesi inafia hapo. Anayechagua kiwango kimoja aweke kwanza kanuni ya lazima ya kuandika saa kwa wanaolipwa kwa kipande, na ukomo wa makato ya nyumba na chakula.

Serikali yenyewe inaumia hapa zaidi ya inavyotarajiwa. Halmashauri za vijijini ndizo zenye mapato madogo na vibarua wengi wanaolipwa karibu na kima cha chini. Kiwango kikipanda katikati ya mkataba wa ulinzi au usafi wa miaka miwili, mkandarasi asiye na kipengele cha kurekebisha bei ana njia tatu: kupunguza watu, kupunguza saa, au kuacha kazi. Zote zinarudi kwa halmashauri. Kipengele hicho kiwekwe kwenye nyaraka za zabuni kabla ya kupandisha kiwango.

Mafao ni suala la kamba iliyofungwa wapi. Brazil ina kima cha chini cha taifa, na Katiba ya 1988 inakataza pensheni inayochukua nafasi ya mshahara kuwa chini yake. Kila nyongeza ya mshahara wa shambani kwa hiyo ni nyongeza ya pensheni za mamilioni. Meksiko ilichukua mkondo mwingine: mwaka 2016 ilibadili katiba ili faini, ada na vipimo vingine vya serikali visihesabiwe tena kwa kima cha chini, vikapewa kipimo chake. Kabla ya kuchagua njia yoyote, orodhesha kila sheria inayotaja kima cha chini kama kizio. Mara nyingi orodha ni ndefu kuliko wizara inavyodhani.

Mpaka wa ndani haupo, basi hakuna gharama yake.

Inafaa nchi ambayo tofauti ya mishahara kati ya mji na kijiji si kubwa, au ambayo ina maofisa wa kazi wachache mno kuweza kushughulikia ugumu wowote.

Njia ya pili: viwango kwa kanda

Hii ndiyo inayokuja akilini mtu akisema "vijijini walipwe tofauti". Kenya hutumia jedwali lenye safu tatu: majiji makubwa, miji iliyotajwa kwa majina, na maeneo mengine yote. Kwa amri ya 2022, kibarua wa kawaida alipangiwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi Nairobi, Mombasa na Kisumu, na 8,109.90 kwenye maeneo mengine. Hilo ni pengo la karibu asilimia 47. Rudi kwenye kizingiti cha hapo juu uone linadai nini. Jimbo la Oregon huko Marekani lina safu tatu pia tangu 2016, ila pengo ni dogo: kaunti za vijijini hulipa dola moja chini ya kiwango cha kawaida, na eneo la Portland dola 1.25 juu yake.

Kuweka kiwango kunahitaji gharama za maisha za kila kanda, na hapo ndipo bajeti ya takwimu inapovimba. Kinachotofautisha mji na kijiji kwa kawaida ni kodi ya nyumba. Bidhaa za viwandani, dawa na usafiri huweza kuwa ghali zaidi kijijini. Kikapu cha bei kisichopima usafiri na safari za hospitali kitaonyesha kijiji ni rahisi kuliko kilivyo.

Kisha kuna orodha ya maeneo. Miji inakua, orodha haikui. Eneo lililoandikwa kijiji linakuwa na viwanda na nyumba za kupanga, na kupandishwa daraja kunageuka vita ya ushawishi, kwa sababu siku ya kupandishwa ndiyo siku gharama za mwajiri zinapanda, halmashauri ikiwamo. Afadhali sheria itaje kigezo, kama msongamano wa watu au wastani wa kodi ya nyumba, pamoja na tarehe ya kupitiwa upya, kuliko kutaja majina.

Amua pia kama pengo ni kiasi au asilimia. Pengo la kiasi, kama dola moja ya Oregon, hulegea lenyewe kadiri viwango vinavyopanda. Pengo la asilimia linabaki milele hadi mtu alifute. Ukitaka utofauti uwe wa mpito, kiasi kinakusaidia bila kikao kingine.

Ukaguzi unapata swali la tatu: kazi imefanyika wapi? Kwa mfanyakazi wa duka jibu ni rahisi. Kwa dereva anayepakia kijijini na kushusha mjini, mlinzi anayezungushwa vituo, au genge la ujenzi, jibu lazima liwe kwenye sheria. Oregon inatumia kanuni ya zaidi ya nusu: mfanyakazi akitumia zaidi ya asilimia 50 ya saa zake za kipindi cha malipo kwenye kituo cha kudumu cha mwajiri, analipwa kiwango cha kituo hicho. Kanuni za namna hiyo zinapunguza ubishi. Bila kanuni, waajiri watatumia anwani ya usajili, na ofisi za karatasi zitaota upande wa bei nafuu wa mpaka. Ofisa wa kazi atahitaji ramani, kumbukumbu za saa kwa kila kituo na muda mrefu zaidi kwa kila faili. Makosa ya kweli nayo yanazidi: mhasibu amesahau kubadilisha kanda ya mfanyakazi aliyehamishwa, na malimbikizo ya miezi yanadaiwa.

Kwa serikali kama mnunuzi, zabuni moja inayogusa kanda mbili inahitaji jedwali la bei kwa kila kituo. Wasipoliweka, mzabuni aliyepiga hesabu zote kwa kiwango cha kijijini ndiye atakayeonekana nafuu, na ndiye atakayeshindwa kazi.

Mafao ni hesabu tuliyokwisha kuifanya. Ongeza hili: fidia ikiwa sawa nchi nzima, fedha zitamiminika zaidi upande wa kijijini, ikitofautishwa kwa kanda, utalipa watumishi wa kuhakiki makazi.

Mpaka wenyewe unaweza kudai ruzuku. Meksiko iliunganisha kanda zake kuwa kiwango kimoja Oktoba 2015, kisha Januari 2019 ikaunda ukanda wa mpaka wa kaskazini wenye kima cha chini cha juu zaidi: peso 176.72 kwa siku dhidi ya 102.68 kwingineko. Biashara za ukanda huo zilipewa nafuu ya kodi, VAT ikishushwa kutoka asilimia 16 hadi 8 kwa waliokidhi masharti. Pale mwelekeo ulikuwa wa kupandisha, si kushusha, lakini somo la bajeti ni lilelile: kanda ya mshahara mara nyingi huzaa kanda ya kodi.

Inafaa nchi yenye pengo kubwa la kodi za nyumba, mifumo ya malipo ya kidijitali inayorekodi kituo cha kazi, na maofisa wa kazi wa kutosha nje ya miji mikubwa. Aina yake laini zaidi ni ya Brazil, ambako sheria ya mwaka 2000 iliruhusu majimbo kuweka viwango juu ya kile cha taifa. Pensheni za taifa zinafuata kiwango cha taifa tu, kwa hiyo jimbo haliwezi kuiongezea serikali kuu bili ya pensheni.

Njia ya tatu: viwango kwa sekta

Badala ya kuuliza kazi iko wapi, unauliza ni kazi gani. Tanzania hupanga hivi. Amri iliyoanza kutumika 1 Januari 2023 ilikuwa na viwango vya kilimo, ujenzi, madini, afya na nyinginezo. Kenya nayo ina amri ya kilimo iliyo tofauti na ile ya jumla. Mkataba wa 99 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unahusu upangaji wa kima cha chini kwenye kilimo pekee, kwa hiyo wazo hili lina umri.

Kuweka kiwango kunagharimu kwa idadi ya meza: kila sekta inataka wawakilishi wake, takwimu zake na mzunguko wake. Sekta iliyo na chama dhaifu inaweza kukaa miaka bila kuhuishwa, kisha ikadai mruko mkubwa kwa mara moja. Mruko huo ni ghali kuliko nyongeza ndogo za kila mwaka, maana bajeti za halmashauri na mikataba haikuutarajia.

Ugumu wa ukaguzi uko kwenye kupanga watu. Shamba la maua lina wavunaji, banda la kufungashia, madereva na walinzi. Je, banda ni kilimo au kiwanda? Mlinzi wa shamba ni kilimo au ulinzi? Kwenye amri hiyo ya Tanzania kazi za nyumbani ziligawanywa zaidi kufuatana na mwajiri ni nani, wa ubalozi na wafanyabiashara wakubwa wakiwa na kiwango chao; ofisa alilazimika kujua cheo cha mwenye nyumba kabla ya kujua mshahara. Kanuni ya shughuli kuu ya mwajiri hupunguza mabishano, japo inawapa waajiri sababu ya kuunda kampuni ndogondogo.

Kwa serikali kama mwajiri, kilimo hakigusi sana isipokuwa mashamba ya umma na taasisi za utafiti. Mafao: hesabu ileile, ila pengo linawafuata wakulima hata wale wa pembezoni mwa jiji, na haliwagusi wahudumu wa zahanati ya kijijini. Kijiji na kilimo si kitu kimoja, na nia ikiwa ni kusaidia biashara za kijijini kwa ujumla, sekta inakosa shabaha.

Mpaka wa kijiografia haupo. Wa kisheria upo, na kuufuta kunaweza kuzaa mipaka mingine: Uingereza ilipovunja Bodi ya Mishahara ya Kilimo ya England na Wales mwaka 2013, Scotland na Ireland Kaskazini zilibaki na bodi zao, na Wales ikatunga sheria yake mwaka 2014.

Inafaa pale ajira ya vijijini ni mashamba makubwa machache yenye chama cha wafanyakazi hai.

Njia ya nne: kiwango kimoja kwa ngazi

Afrika Kusini ndiyo mfano ulio wazi. Kuanzia 2003 wafanyakazi wa mashambani walikuwa na viwango viwili, cha eneo A na cha eneo B, baadaye vikaunganishwa. Kima cha chini cha taifa kilipoanza 1 Januari 2019 kwa randi 20 kwa saa, mashamba yalianza na 18 na kazi za nyumbani na 15. Mashamba yalifikia kiwango kamili Machi 2021, kazi za nyumbani Machi 2022.

Gharama ya kuweka ni kama ya kiwango kimoja, na ratiba ikiandikwa mapema, halmashauri zinapanga bajeti kwa utulivu. Ukaguzi unabeba ugumu wa sekta, lakini kwa miaka michache. Kuna pia milango ya msamaha: mwajiri asiyemudu anaweza kuomba kulipa hadi asilimia 10 chini, kwa muda usiozidi miezi 12. Kila ombi linahitaji mtu wa kusoma hesabu za kampuni, na hilo ni dawati la kudumu.

Angalia serikali ilivyojiwekea. Programu ya kazi za umma, EPWP, ilianza kwa randi 11, na haikuwekwa kwenye ratiba ya kufikia kiwango kamili. Ni ushahidi mzuri wa jinsi kipimo cha tatu kinavyouma: serikali inayodai waajiri walipe kikamilifu ilijihesabia ikaona haimudu. Ukichagua njia hii, sema wazi mapema kama kazi za umma zimo au hazimo.

Hatari kubwa ni ngazi kuahirishwa. Ngazi ikiahirishwa mara moja, waajiri huacha kujiandaa na inayofuata, na unaishia na njia ya tatu bila kuipanga.

Inafaa nchi inayotaka kuondoka kwenye pengo lililopo bila kutikisa ajira za mashambani kwa mwaka mmoja.

Uchague vipi

Maofisa wa kazi wakiwa wachache na kumbukumbu za saa zikiwa duni, achana na kanda. Chukua kiwango kimoja, hata kama kitakuwa cha wastani, na fedha za bodi ya pili zipeleke kwenye ukaguzi.

Kodi za nyumba mjini zikiwa mara kadhaa ya kijijini na malipo yakipita benki au simu, kanda zinaweza kubebeka. Anza na kanda mbili, weka pengo la kiasi, andika kanuni ya mahali pa kazi, na pima pengo dhidi ya kizingiti kabla ya kulitangaza.

Pensheni au posho zikiwa zimefungwa kwenye kima cha chini, kata kamba hiyo kwanza au ifunge kwenye kiwango cha taifa pekee, kisha ndipo ujadili vijiji.

Ukiwa tayari na pengo kubwa kama la karibu nusu, usilifute kwa mkupuo. Piga ratiba ya miaka mitatu hadi mitano, iingie kwenye sheria yenyewe na si kwenye hotuba, na siku hiyohiyo uzitumie halmashauri nakala ili zabuni za mwaka unaofuata zitoke na kipengele cha kurekebisha bei.

Na kama ajira ya kijijini ni mashamba makubwa yenye mikataba ya hiari kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi, bodi ya kilimo peke yake huenda ikatosha, mradi sheria ilazimishe kiwango kuhuishwa kila mwaka na itaje kwa jina mabanda ya kufungashia, madereva na walinzi wa shamba.